Gunia Jepesi la Mstari wa Chini

Mvua ndiyo iliyomlisha Fundi Miavuli, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyomfukuzia mke. Wingu likikusanyika tu, watu walimkumbuka. Waliitoa miavuli yao uvunguni na nyuma ya milango, wakaikuta imevunjika mbavu, wakamkimbilia nayo pale barazani kwa Kinyozi alipoweka kigoda chake. Naye aliinama akashona, akakaza waya, akabadilisha mpini, jicho moja kwenye sindano na jicho la pili mbinguni.

"Fundi, wewe mtu wa ajabu," Kinyozi alimwambia. "Mkono mmoja unaiita mvua, mkono wa pili unaifukuza. Sasa yenyewe imsikilize nani?"

Fundi alitabasamu tu. Hakuwa mtu wa maneno. Kinyozi alizoea kuwaambia wateja kwamba Fundi akitaka kukusalimia asubuhi, huanza kujiandaa tangu jana yake.

Nyumba za mtaa ule zilijengwa kwa mistari mitatu kwenye mteremko: Mstari wa Juu, Mstari wa Kati na Mstari wa Chini. Chumba cha Fundi kilikuwa cha mwisho kabisa katika Mstari wa Chini, pale mtaro ulipokunja kona kabla ya kuingia kwenye bomba la zege lililopita chini ya barabara. Ulikuwa mtaro wa udongo, wazi, na kila kilichotupwa huko juu kilipita mlangoni kwake kama mgeni asiyebisha hodi: chupa za maji, vifuko vya nailoni, vikombe vya plastiki, mirija, sahani za kutupa. Bomba likiziba, maji yalitafuta njia nyingine, na njia yenyewe ilikuwa mlango wa Fundi.

Chumbani kwake kila kitu kilikuwa kimepanda juu. Kitanda kilisimama juu ya matofali, kabati lilivaa makopo ya maziwa miguuni, na nguo zilining'inia karibu na dari. Ukutani palikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja wa masika yake. Nyuma ya mlango aliegemeza mti mrefu aliofunga mpini wa mwavuli wa kizamani, ule uliopinda kama mkia wa nyani. Hiyo ndiyo ilikuwa kulabu yake ya kuzibulia. Mvua ikianza, Fundi alitoka na kulabu kama mwingine anavyotoka na koti.

Mke wake alivumilia miaka na miaka, mpaka kifua kikakataa. Alikuwa na pumu. Unyevu wa kile chumba ulimkaba usiku kucha, akakaa kitako kitandani akivuta pumzi kwa sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Masika yaliyopita, maji yalipofika kwenye godoro, alifunga nguo zake akapanda kwa dada yake aliyekaa mtaa wa pili, mlimani.

"Baba watoto, sikukimbii wewe," alimwambia. "Nalikimbia tope. Siku chumba hiki kikikauka, utaniona mlangoni. Lakini mimi sikuumbwa chura."

Fundi alibaki na sufuria la watu wawili. Alipika humo ugali wa mtu mmoja, ukakaa katikati kama kisiwa.

Sasa ndipo alipokuja yule dada wa mradi. Alikuwa msichana mchangamfu mwenye viatu vyeupe, na alileta mizani ya kuning'iniza na magunia ya kijani. Akawakusanya watu uwanjani akawaambia plastiki za kutumia mara moja zimewazidi, na kwamba kutakuwa na mashindano. Kila mstari ni timu. Kila Jumamosi timu italeta plastiki zote ilizotupa wiki hiyo, zitapimwa. Timu itakayokuwa na gunia jepesi kuliko wenzake Jumamosi ya mwisho, ndiyo mshindi.

"Kumbe mashindano ya kukonda!" Kinyozi akasema, watu wakacheka.

"Na zawadi yake?" akauliza Mama Genge, muuza nyanya wa Mstari wa Chini. Yeye hakuwa na muda wa kucheka kabla ya kujua.

"Mtaro wa timu itakayoshinda utajengwa kwa saruji, na utafunikwa na vifuniko vya zege."

Fundi alikuwa amekaa nyuma kabisa, kama kawaida yake. Aliposikia neno hilo alisimama bila kujua. Watu waligeuka kumwangalia, akakaa tena. Jioni ile alipanda mlima kwa shemeji yake, akamkuta mke wake uani anachambua mchele.

"Mtaro unajengwa," akasema.

"Nani anaujenga?"

"Sisi. Tukishinda."

Mke wake aliacha kuchambua. Alimwangalia yule mtu ambaye hata bei ya sukari hakuweza kubishana nayo. "Wewe, baba watoto? Ushinde?" Akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi alimshika mkono. "Haya. Shinda. Siku watakayofunika, mzigo wangu utakuwa begani."

Huwezi kusema Mstari wa Chini hawakujitahidi. Mama Genge alichaguliwa nahodha, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Alifungia nyanya kwenye gazeti, na mteja aliyekuja mikono mitupu akamrudisha nyumbani akachukue kikapu. Kinyozi aliacha kununua maji ya chupa, akaweka mtungi na kikombe cha bati, japokuwa wateja walilalamika kwamba kikombe kina nywele. Naye Fundi alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikuwa na rundo la miavuli iliyokufa, ile isiyotengenezeka tena. Akaivua vitambaa vyake, akavikata, akashona mifuko ya sokoni, mmoja kwa kila nyumba. Mingine ilikuwa myeusi, mingine ya maua, mingine ya mistari. Aliigawa mlango kwa mlango, akiinyoosha na kuondoka kabla hajashukuriwa.

"Leo Fundi kabisha hodi nyumba zote za mstari!" Kinyozi akatangaza. "Kesho atahutubia."

Jumamosi ya kwanza walikwenda kupima vifua mbele. Gunia lao lilikuwa zuri, dogo kuliko walivyowahi kufikiri. Lakini la Mstari wa Kati lilikuwa dogo zaidi, na la Mstari wa Juu lilining'inia kwenye mizani kama soksi. Dada wa mradi alipiga makofi. Mstari wa Chini walirudi nyumbani vifua vimeshuka.

Mvua za rasharasha zilikuja katikati ya wiki, na mtaro ukaleta jibu. Chupa zilishuka kwa msafara, na vifuko vikashuka vimefungwa mafundo. Fundi alizivuta kwa kulabu, akazitia kwenye gunia la timu, kwa kuwa hakuona pengine pa kuzitia. Jumamosi iliyofuata gunia lao likawa zito kuliko yote. Mama Genge alipojua sababu alishika kiuno.

"Yaani sisi tunapimiwa taka za wenzetu? Tunafuliwa nguo chafu kichwani, na sabuni tunatoa wenyewe?"

Hakuna aliyeitisha kikao, na hakuna aliyetoa amri. Jambo kama hilo huenda lenyewe, kama uvumi. Jumamosi ya tatu gunia la Mstari wa Chini lilikuwa jepesi ghafla, na watu wa mstari hawakutazamana machoni.

Fundi aliamini kwa muda. Mtu anayetaka kitu sana huamini upesi. Aliamini mpaka asubuhi moja kulabu yake iliponasa kitu kizito kwenye kona ya mtaro. Akavuta. Kilitoka kimejaa, kimefungwa mdomo: mfuko wa kitambaa chekundu chenye maua meupe. Aliujua ule mshono. Alikuwa ameushona mwenyewe, na kitambaa kile kilitoka kwenye mwavuli ambao mteja alikataa kuufuata. Ndani mlijaa vikombe, mirija na vifuko vya nailoni vya genge.

Aliubeba mpaka gengeni, tope likimchuruzika mguuni. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika, Mama Genge alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu.

"Karibu, Fundi. Fungu la hizi au la hizi?"

"Mama Genge..."

"Eeh?"

Fundi aliunyanyua ule mfuko. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamemkimbia, akabaki ameunyoosha mkono kama mtu anayeuza. Mama Genge aliutazama, wala hakushtuka.

"Kaa," akasema. Fundi akakaa. "Mke wako yuko wapi?"

"Kwa dada yake."

"Unamtaka?"

Fundi aliangalia chini.

"Basi sikiliza, ndugu yangu. Wa Juu wanatupa mtaroni. Wa Kati wanatupa mtaroni. Tukijifanya malaika peke yetu, saruji itakwenda huko juu, ambako maji hata hayajawahi kulowesha kizingiti. Wewe utabaki na ukweli wako na matofali yako chini ya kitanda. Unadhani mimi napenda? Nilikuwa nafungia magazeti, wateja wakahamia genge la Juu wanakopewa nailoni. Nitakula gazeti?"

"Lakini bomba litaziba."

"Si unayo kulabu? Sukuma mbele. Ng'ambo ya barabara si kwetu." Akachukua nyanya mbili, akazitia mkononi mwa Fundi. "Za kupikia. Na mkeo akirudi nitaleta nyingine."

Fundi alirudi na nyanya mkono mmoja, na mkono wa pili ule mfuko. Gunia la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo mbele ya nyumba, mdomo wazi. Alisimama mbele yake. Angeutia ule mfuko humo, na mistari yote ingejua Jumamosi. Halafu akakumbuka mkono wa mke wake uani kwa shemeji, ulivyokuwa mkavu na wa moto.

Akashuka mtaroni. Aliuweka ule mfuko kwenye mdomo wa bomba, akausukuma kwa kulabu, akasukuma tena, mpaka mti wote ukaingia na mkono ukazama mpaka begani. Kitu kikaachia mbele. Akadhani umetoka upande wa pili.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa kazi yake kila asubuhi, kabla ya kwenda barazani. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemsema. Lakini jirani wakawa wanamwamkia kwa heshima mpya, na mtu akawa anamwachia chai mlangoni.

Jumamosi ya mwisho gunia lao lilipotundikwa, mshale wa mizani ulitikisika tu ukatulia.

"Mmepima au mmelipungia mkono?" Kinyozi akauliza, uwanja mzima ukacheka. Mstari wa Chini walishinda.

Dada wa mradi machozi yalimlengalenga kwa furaha. Alisema hajawahi kuona watu waliobadilika namna ile. Kisha akainua mfuko mmoja wa kitambaa cha mwavuli. "Nimeambiwa kuna mzee aliyeshona mifuko hii. Fundi, njoo utuambie siri ya ushindi wenu."

Walimsukuma mpaka mbele, wakamtia kipaza sauti mkononi. Fundi alimwona Mama Genge akikunja kanga vidoleni. Alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalikuwapo, yote, yamejipanga yenyewe kwenye ulimi: bomba, kulabu, mfuko mwekundu wenye maua. Halafu nyuma ya watu akamwona mke wake. Alikuwa ameteremka mlimani kuja kuona, na mkono wake ulikuwa mdomoni, anacheka.

"Ahsanteni," Fundi akasema, akarudisha kipaza sauti.

Watu walicheka, wakampigia makofi kuliko mtu yeyote siku ile.

Mafundi ujenzi walikuja kama walivyoahidiwa. Waliuchimba mtaro, wakaupiga saruji pande zote, wakamimina vifuniko vya zege ambavyo kimoja kilibebwa na wanaume wanne. Walipofika kwenye kona, Fundi alimsogelea mkubwa wao.

"Fundi mwenzangu. Hilo bomba la chini ya barabara... ndani naona kama pamejaa."

"Bomba si kazi yetu, mzee. Bomba ni la wenye barabara." Mkubwa wao alimpiga begani. "Usijali. Maji yana nguvu, yatasukuma yenyewe."

Fundi alitaka kuongeza neno, lakini yule mtu alikuwa ameshageuka. Wakafunika. Wakaziba viungo kwa saruji, wakaacha kijitundu kimoja tu karibu na mlango wa Fundi, cha kupitisha maji ya juu, kisichozidi upana wa kiganja.

Mke wake alirudi jioni ya siku hiyohiyo, mzigo begani, kama alivyosema. Alikanyaga vile vifuniko, akarukaruka juu yake kama msichana. Alifagia chumba, akasugua ile mistari ya tope ukutani mpaka mingine ikafutika. Kisha akainama uvunguni.

"Baba watoto, hebu toa haya matofali."

"Tuyaache kidogo kwanza."

"Ya nini? Miaka yote napanda kitanda kama napanda mnazi. Toa, kitanda kirudi chini kama cha watu."

Fundi aliyatoa, moja baada ya jingine. Mke wake aliyapanga nje yakawa benchi. Siku zile za jua walikaa hapo jioni miguu yao ikiwa juu ya zege, na Mama Genge alileta nyanya kama alivyoahidi. Sufuria likajaa mpaka pembeni. Kifua cha mke wake kilitulia. Usiku Fundi aliamka akasikiliza, hakusikia kitu, akalala tena.

Mvua yenyewe ilikuja mchana. Fundi alikuwa barazani na wateja wamempangia mstari, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza hakuangalia mbinguni. Alishona. Kinyozi akamwambia, "Leo umeifungulia mkono wa pili," naye Fundi akacheka kwa sauti, mpaka mteja akageuka kuhakikisha ni yeye. Mvua ikakaza. Barabara ikawa haionekani. Kisha mtu mmoja wa mstari wao akaja mbio, amejitanda gunia kichwani.

"Fundi! Nyumbani kwako!"

Alikuta maji yanatoka chini ya zege. Yalikuwa yanachemka kupitia kile kijitundu na kupitia viungo, meusi, yakimwagika moja kwa moja mlangoni. Zamani yalikuja taratibu, mtu akapata nafasi ya kunyanyua vitu. Safari hii yalikuwa yamefungiwa, na yalitoka kwa hasira. Mke wake alikuwa amesimama juu ya kitanda kilichorudi chini kama cha watu, godoro limelowa miguuni pake, na pumzi yake ilisikika mpaka nje.

Fundi alimtoa amembeba mgongoni, akamkalisha juu ya matofali. Halafu akachukua kulabu. Akapiga zege kwa mti, zege halikusikia. Akajaribu kunyanyua kifuniko, jirani wakaja wakajaribu pamoja naye, kucha zikavunjika, saruji ikakataa. Akalala kifudifudi kwenye maji, akaingiza kulabu kwenye kijitundu akavuta. Kilikuja kikombe. Akavuta tena. Mirija, kifuko, chupa iliyobonyea. Akavuta kwa nguvu zote, na kikapasuka na kutoka nusu: kitambaa chekundu chenye maua meupe.

Watu walikuwa wamemzunguka. Waliviona vitu vyao vikielea miguuni, kila mtu akajua kilicho chake, na mmoja mmoja wakaanza kurudi nyumbani. Mama Genge alikuwa wa mwisho kuondoka.

Mke wake alikiokota kile kitambaa, akakikamua.

"Si huu ni mshono wako?"

"Ni wangu."

"Umefikaje huko ndani?"

Fundi alikuwa amepiga magoti, maji yakimtiririka usoni. "Nilisukuma mimi," akasema. "Kila asubuhi. Nilikuwa nasukuma mbele."

"Mbele kwa nani?"

Fundi aliirudisha kulabu tunduni. Mke wake alimwangalia. Kwa hasira ingekuwa nafuu. Alimwangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa aliyekunywa dawa ya mwenzake.

"Ulifanya hivyo nirudi," akasema. Akakohoa, akainama, akasubiri pumzi. "Sasa nitakaa wapi, baba watoto?"

Mvua ilipopungua Fundi alimletea mwavuli kutoka barazani, ule mzuri aliouweka kwa ajili ya kuuza. Alimfungulia mwenyewe. Mke wake aliupokea, akamshika mkono kidogo, na mkono wake safari hii ulikuwa wa baridi. Akapanda mlima polepole, akisimama kila baada ya nyumba chache kutafuta pumzi. Fundi alimfuata nyuma na mzigo wake mpaka mlangoni kwa shemeji. Shemeji aliupokea mzigo, akafunga mlango.

Siku ya pili dada wa mradi alikuja na viatu vyake vyeupe, akasimama kwenye tofali. Fundi alimwomba, kwa maneno machache na kwa sauti ambayo ilibidi airudie, wavunje kifuniko kimoja tu, pale kwenye kona. Yule dada alisikitika kweli. Alisema vifuniko vimeshakabidhiwa, kuvivunja kunahitaji idhini, na waliojenga wamekwisha kwenda mtaa mwingine kwenye mashindano mengine. Aliahidi kuuliza.

Alipoondoka, Fundi alilala tena kifudifudi juu ya zege, akashusha kulabu tunduni. Alivuta kifuko kimoja cha nailoni, kikaja chote, kinatiririka. Akasimama nacho. Akageuka kwenye ile nguzo mbele ya nyumba atafute gunia. Nguzo ilikuwa tupu. Magunia yalikusanywa siku ya ushindi, pamoja na mizani. Akatazama juu, kwenye Mstari wa Kati, na zaidi juu, kwenye Mstari wa Juu, ambako mtu alikuwa anamimina ndoo mtaroni. Akatazama ng'ambo ya barabara. Kisha akabaki amesimama pale, kifuko mkononi, maji yakimdondokea miguuni, hajui pa kukiweka.